Nani Aruhusiwe Kukata Nyuma ya Meni Swichi

Fundi akizima meni swichi ili abadilishe ubao wote wa umeme, anakuwa amezima nyumba lakini hajajikinga. Breka na soketi zimekufa, ila waya zinazoingia kwenye swichi yenyewe bado zina moto. Zitaendelea kuwa nao mpaka mtu akate huko nyuma: kwenye mita, kwenye fyuzi ya shirika, au juu ya nguzo. Na huko nyuma si kwa mwenye nyumba. Kila nchi imeamua kwa namna yake nani apaguse, na kwa maoni yangu tofauti yao kubwa haiko kwenye ukali wa adhabu. Iko kwenye jambo moja: je, aliyekatazwa kugusa mita amepewa mahali pengine halali pa kuzimia?

Marekani ndiko kishawishi kilipo kikubwa. Mita ya nyumba kule ni ya duara na haijafungwa kwa skrubu. Imechomekwa tu kwenye meno ya boksi lake ukutani. Ukiivuta, nyumba nzima inazimika. Mita ni mali ya kampuni ya umeme, ilhali boksi kwa kawaida ni la mwenye nyumba. Utaratibu unajulikana: fundi anachukua kibali cha halmashauri, kampuni inakuja kukata, kazi inafanyika, mkaguzi anaipitisha, kampuni inarudisha umeme. Lakini kampuni ni nyingi na kila moja ina sera yake. Ipo inayomvumilia fundi mwenye leseni akate lakiri ya mita na kutoa taarifa, na ipo inayolihesabu jambo hilohilo kuwa kosa. Mita za kisasa zenyewe hutuma taarifa zikichomolewa, kwa hiyo kujificha kumekuwa kugumu.

Hatari yenyewe haizungumzwi vya kutosha. Mita ikishatoka, meno ya upande wa laini yanabaki wazi na yana moto, na nyuma yake kwa kawaida hakuna fyuzi nyingine isipokuwa ile ya transfoma, upande wa msongo mkubwa. Shoti ikitokea hapo, fyuzi hiyo inaweza kuchelewa kukata, na mwali wa umeme ukayeyusha chuma mbele ya uso wa mtu. Meno ya boksi kuukuu nayo huvunjika yakivutwa. Kanuni za kitaifa za Marekani, toleo la 2020, zilidai nyumba za familia moja au mbili ziwe na swichi ya dharura nje, mahali panapofikika. Waliofikiriwa ni zimamoto. Pale swichi hiyo inapotangulia ubao, fundi naye amenufaika.

Uingereza wameigawa njia vipande. Kebo na fyuzi kuu, ambayo mara nyingi ni ya amperi 60, 80 au 100, ni za kampuni ya mtandao wa eneo. Mita iko chini ya muuza umeme. Waya zinazotoka kwenye mita kuelekea kwenye ubao ni za mwenye nyumba. Pa kuzimia ni kwenye fyuzi, nayo ina lakiri isiyo ya fundi. England na Wales, tangu 2005, kubadilisha ubao ni kazi inayotakiwa kutolewa taarifa au kufanywa na fundi aliyesajiliwa. Lakini huyohuyo aliyeaminiwa kufunga ubao haaminiwi kuchomoa fyuzi. Wengi huichomoa hata hivyo. Ni kosa lililozoeleka, na sheria inayovunjwa na watu makini kila wiki imekaa vibaya. Tiba yake ipo na ni rahisi: swichi ya kutenganisha, inayofungwa kati ya mita na ubao.

Ujerumani wamejibu kwa orodha. Kanuni yao ya 2006 inaagiza kazi za baada ya fyuzi ya nyumba zifanywe na mwenye mtandao au na kampuni ya ufundi iliyoandikishwa kwake. Aliyeandikishwa anaweza kuruhusiwa kufungua lakiri, kisha kuirudisha kwa koleo lenye alama yake mwenyewe. Akiharibu, alama inamtaja. Nyumba za karibuni zina pia breka kubwa kabla ya mita.

Kwetu Afrika Mashariki lakiri ina historia nyingine: inalinda mapato. Anayekutwa ameifungua anashukiwa kwanza kuchezea mita, yaani wizi, hata kama alikuwa anabadilisha swichi iliyoungua. Tanzania Bara, mamlaka ya udhibiti, EWURA, inatoa leseni kwa mafundi, na Kenya mwenzake, EPRA, inafanya hivyo kwa madaraja. Lakini leseni hizo ni za waya za ndani, mita ni ya shirika la umeme, TANESCO au Kenya Power. Mteja akiona foleni ya kuomba kukatiwa ni ndefu, vishoka, yaani mafundi wa mitaani wasio na kibali, wapo, na baadhi yao hujitambulisha kama watu wa shirika.

Mita zinazofungwa nguzoni, ndani ukabaki na rimoti ya kuingizia tokeni, zimepunguza wizi lakini zimempandisha fundi ngazi. Wapo watakaofikiria kusubiri uniti ziishe. Wasijaribu: swichi iliyo ndani ya mita haikuwekwa kumkinga fundi, na mtoto akiingiza tokeni sebuleni waya zinapata moto tena mikononi mwa mtu.

Mimi ningechukua swichi ya Waingereza na kuiacha sheria yao. Ikifungwa siku ya kuunganishiwa umeme, waya zikiwa bado hazina moto, ni kazi ndogo. Ikisubiri nyumba izeeke, hata kuifunga kwenyewe kutahitaji mtu wa shirika aje kwanza kukata.