Malisho ya Isiolo na Malisho ya Bahari

Isiolo si mji wa bahari. Waliouasisi ni askari Wasomali waliopewa makao baada ya kuwatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na wilaya yake ikapokea Waborana waliohamishwa kutoka Wajir katika miaka ya 1930, wakaufuata mto Ewaso Nyiro, ambao wao huuita Waso tu; watu ambao hesabu ya maisha yao ni ng'ombe, ngamia na mvua mbili, gana ya masika na hagaya ya vuli. Wazee wao walitafuta habari za mvua katika nyota na katika matumbo ya mbuzi, na kwa maoni yangu serikali ya wakati ule, pamoja na vipimo vyake, haikuwazidi sana kwa ilimu, maana siri yenyewe ilikuwa baharini.

Kusi ivumapo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya kilindini, yenye rutuba, huinuka mahali pake. Hapo fitoplanktoni, vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo malisho ya bahari nzima, huchipua kama majani baada ya gana. Lakini kuna miaka ambayo bahari ya upande wetu hushikwa na joto lisilo na miadi, maji moto yakaelea juu kama kifuniko, rutuba ikafungiwa chini, na malisho yale yakapungua. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 1997: setilaiti ya Wamarekani, iliyorushwa Agosti mwaka ule ule, iliuona ukijani wa maji ukififia huku kwetu na kushamiri kando ya Sumatra, na meli za jodari zikaufuata huko.

Ajabu ni kwamba joto lile lile lililoitia bahari njaa ndilo lililoinua mvuke ukawa hagaya isiyokatika hata 1998. Nyanda zikajaa majani, kisha mbu, kisha homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu kaskazini-mashariki. Mwaka 1961 pia, baada ya ukame, gharika ilikuja namna hiyo hiyo, ila wanazuoni wa Japani na Uhindi hawakuieleza mizani hii ya bahari, ya joto kati ya upande wetu na Sumatra, mpaka 1999.

Mwaka 2022 mizani ililala upande wa pili: joto likahamia Sumatra, hagaya ikakosekana, msimu wa tano mfululizo, na mizoga ikatapakaa malishoni.