Mgeni na Kura: Habari za Tabora Mpaka Uchaguzi wa Mwaka 1958

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hii yatufundisha kwamba mgeni naye hana budi kufanya kazi. Lakini haituambii kama mgeni aliyekwisha kulima kwa miaka kumi anayo haki ya kuketi barazani panapoamuliwa nani atawale, wala aegemee upande gani akipewa haki hiyo. Swali hili si geni katika nchi yetu. Mji wa Tabora umelijibu mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, nami nakusudia kuziweka mbele ya msomaji, kwa kuwa ile ya kwanza huisaidia ile ya pili kueleweka.

Katikati ya karne ya 19, mahali palipoitwa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, palikuwa pameketi Waarabu wa Omani pamoja na Waswahili wa pwani. Hapo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika, kisha ikaendelea magharibi kwenda Ujiji na kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 walipokewa na tajiri mmoja, Snay bin Amir, aliyekuwa na nyumba njema na elimu nyingi. Hata hivyo wafanyabiashara hao hawakuwa wenye nchi. Mwenye nchi alikuwa mtemi Fundikira, nao walikaa kwa idhini yake.

Fundikira alipofariki, utemi ukashikwa na Mnywa Sere, naye akataka ushuru juu ya bidhaa zilizoingia. Matajiri wakaona wamedhulumiwa. Hawakukaa chini na mtemi wakapatana naye, bali walitafuta mtemi mwingine wa kuwafaa. Yapata mwaka 1860 Mnywa Sere aliondolewa kwa silaha, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Tokea hapo raha ikatoweka. Mnywa Sere alikaa porini akisumbua njia. Snay bin Amir mwenyewe aliuawa katika vita hivyo. Speke, aliporudi Kazeh mwaka 1861, alijaribu kusuluhisha asifanikiwe, na Mnywa Sere hakushindwa kabisa mpaka alipouawa mwaka 1865. Haikupita miaka mingi akaondoka Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliishambulia Tabora na kuchoma moto sehemu yake. Wageni walikuwa wameukimbia ushuru, wakalipa vita iliyowagharimu zaidi ya ushuru wowote. Kosa lao ni kwamba waliitazama serikali ya wenyeji kwa upande mmoja tu, upande wa mizigo yao wenyewe.

Sasa tuvuke miaka mia moja. Reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilikuwa imekwisha kuchukua kazi ya wapagazi, na wageni nao walikuwa wengine. Walikuwapo Wahindi wenye maduka na wale wa kazi za reli, na Wazungu waliokuwa maofisa, walimu na wamisionari. Tanganyika nzima, kwa hesabu ya mwaka 1957, ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane na nusu, na kati yao Wazungu walikuwa karibu 20,000 tu, na Wahindi wapungufu wa laki moja. Lakini katika Baraza la Kutunga Sheria, tangu mwaka 1955, viti visivyo vya Serikali viligawanywa sawasawa: kumi vya Waafrika, kumi vya Wazungu, kumi vya Wahindi.

Ulipokaribia uchaguzi wa kwanza, vyama vilikuwa viwili vikubwa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 na kudai uhuru, lakini wanachama wake walikuwa Waafrika peke yao. UTP ilianzishwa mwaka 1956, huku Gavana Twining akiitia moyo. Milango yake ilikuwa wazi kwa watu wa kila rangi, nayo ilisifu ule mgawanyo wa sawasawa. Tazama basi jambo la ajabu lililomkabili mgeni: chama kilichomkaribisha ndicho kilichotaka kumtenga na umma kwa kiti chake maalum, na chama kisichompa kadi ndicho kilichosema kwamba mwisho wa safari watu wote wawe sawa.

Rai za wageni ziligawanyika. Wako walioiona UTP kuwa ngao yao. Hoja yao haikuwa ya kijinga: watu wachache wenye mali katikati ya watu wengi maskini huwa na haki ya kuogopa. Wako walionyamaza, na katika mji wa maofisa kama Tabora kimya hicho kilikuwa na sababu, maana watumishi wa Serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Tena wako walioamua kwamba ngao ya kweli ni imani ya wenyeji, miongoni mwao Amir Jamal, Sophia Mustafa wa Arusha, mkulima Derek Bryceson, na Lady Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa, aliyeishi Nyanda za Juu za Kusini.

Sheria yenyewe ya uchaguzi ilikuwa na kitendawili. Mpiga kura, mbali na kutakiwa sifa za umri na makazi, na tena za kipato au elimu au cheo, alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Akiacha hata mmoja, karatasi yake iliharibika. Waafrika wengi waliona hayo ni matusi. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilikutana papo hapo Tabora, mji ambao Julius Nyerere aliusomea na kisha kufundishia. Wajumbe wengi walikuja na nia ya kuususia uchaguzi. Nyerere akawaonyesha kwamba kususia ni kuiachia UTP viti vyote. Baada ya mabishano makali mkutano ukakubali kuingia, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Shauri lile latajwa hata leo kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Nguvu ya uamuzi huo ilikuwa hapa. Kura tatu zilikusudiwa kumlinda mgeni dhidi ya mwenyeji, lakini penye wapiga kura wengi wa Kiafrika, Mzungu na Mhindi hawakuweza kupata kiti bila kura za Waafrika. Ngao iligeuka daraja. Mwezi wa Septemba 1958 majimbo matano yalipiga kura, Jimbo la Magharibi likiwa mojawapo, na waliobaki wakafuata Februari 1959. Walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikafifia. Julai 1959 mawaziri wa kwanza waliochaguliwa walipotajwa, Bryceson na Jamal walikuwamo. Alikuwamo pia Chifu Abdallah Said Fundikira wa Tabora, mwenye jina lile lile la mtemi aliyewakaribisha wageni wa Kazeh.

Nisije nikadhaniwa kuwa naipamba hadithi. Kweli kwamba tangu 1963 TANU ilifungua uanachama kwa raia wa kila rangi, lakini mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba mengi ya kupangisha, na wengi wa Wahindi waliokuwa wameitegemea nchi wakahama. Imani ya mwaka 1958 haikuwa hati ya bima. Mwenye kudai kwamba waliochagua TANU walijua wanapata faida gani hawatendei haki, maana walichagua pasipo kujua.

Walakini, tukizipima zile mara mbili, tofauti yabaki. Matajiri wa Kazeh waliuliza: mtawala gani atanifaa? Wageni wa mwaka 1958, wale waliokuwa na macho, waliuliza: wenyeji wamtaka nani, nami nitakaaje pamoja nao chini yake? Swali la kwanza lilimuua Snay bin Amir na kufunga njia ya misafara kwa miaka. La pili halikuokoa kila nyumba wala kila duka, ila uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961 pasipo damu kumwagika kati ya mwenyeji na mgeni. Mithali yasema mgeni apewe jembe. Historia ya Tabora yaongeza kwamba, akilishika, asisahau kuuliza shamba ni la nani.