Ramazani: jina la Maniema lilitoka wapi?

Leo tunachukua jina ambalo huwezi kumaliza siku mbili Kindu bila kulisikia. Ramazani iko Kasuku, iko Mikelenge, na ukivuka Lualaba kwenda Alunguli utaikuta kule pia. Wanaibeba Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti na watu wa makanisa ya uamsho. Wanaibeba Wakusu, Wazimba, Warega, Wabangubangu na Wasongola. Ndiyo maana lile swali ambalo kijana wa Maniema anaulizwa akifika Kinshasa, "Ramazani? Basi weye ni Mwislamu?", halina jibu moja.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Ni mwezi wa 9 wa kalenda ya Kiislamu, mwezi wa kufunga, na ndio mwezi peke yake unaotajwa kwa jina ndani ya Kurani. Mzizi wake unahusu joto kali, lile la mawe na mchanga uliochomwa na jua. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwandamo wa mwezi, ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mwezi huu unazunguka: miaka fulani unaangukia mvua, miaka mingine unaangukia kiangazi.

Kutoka jina la mwezi likawa jina la mtu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya mwezi wa kufunga aliitwa Ramazani, kama vile wa mwezi wa 7 alivyoitwa Radjabu, wa mwezi wa 8 Shabani, na wa siku ya Ijumaa Djuma. Ukikuta wandugu watatu wanaitwa Radjabu, Shabani na Ramazani, usifikiri baba yao alikosa mawazo. Zamani, kabla ya karatasi, jina kama hilo lilisaidia mama kukumbuka mtoto alizaliwa wakati gani.

Na ile "z"? Watu wa Tanzania wanaandika Ramadhani, halafu wengine wanatucheka eti tumeharibu neno. Hatukuharibu kitu. Kiswahili cha huku hakina sauti ya "dh": dhahabu kwetu ni zahabu, dhambi ni zambi, fedha ni feza. Waajemi na Waturuki nao wanatamka kwa "z". Karani wa Kibelgiji alipokuja na kitabu chake aliandika alivyosikia, tena kwa maandishi ya Kifaransa. Kutoka hapo tumebaki na Radjabu na Djuma zenye "dj", na Assani yenye "s" mbili.

Namna jina lilivyofika huku si hadithi nyepesi. Lilipanda na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka Zanzibar na pwani, kupitia Tabora na Ujiji, mpaka Nyangwe na Kasongo. Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 wakati watu wa misafara walipofyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippo Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Waarabu wenyewe na watu wa pwani walikuwa wachache. Waliojaza miji ile walikuwa watu wa hapa hapa: wapagazi, askari, wakulima, wake, watoto waliokamatwa vijijini na kulelewa ndani ya nyumba za mabwana.

Kwa hao, jina lilikuwa mlango. Aliyeacha jina la kijijini na kuitwa Ramazani, Saidi ao Salumu alitoka katika kundi la "washenzi", kama walivyosema wakati ule, akaingia kundi la waungwana. Kutoka neno hilo Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Wengine walilichukua jina kwa kupenda, pamoja na dini, kanzu na mpunga. Wengine walipewa na bwana bila kuulizwa. Familia nyingi hazipendi kuongea juu ya sehemu hii, na tunaelewa. Lakini inafaa kusemwa: Ramazani wa leo anaweza kuwa mjukuu wa mfanyabiashara, wa askari, wa mpagazi ao wa mtumwa, na jina peke yake halitakuambia ni nani kati ya hao.

Vita vya 1892 mpaka 1894 viliondoa utawala wa Waarabu. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Majina hayakuondoka. Kilichobadilika ni shule, maana wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi aliishia kubatizwa. Alipata Jean, Pierre ao Emmanuel mbele, na jina la baba likabaki nyuma. Mfano unaojulikana na nchi nzima ni Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo, aliyewahi kuwa gavana wa Maniema na mgombea urais mwaka 2018. Angalia hilo jina: la Biblia na la mwezi wa kufunga yamekaa pamoja bila kugombana. Na halikubaki Maniema peke yake; nchi ilikuwa na Raymond Ramazani Baya kama waziri wa mambo ya nje kuanzia 2004 hadi 2007.

Halafu ikaja Authenticité. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Majina ya ubatizo yakafutwa kwenye karatasi. Ramazani ikapita. Ramazani Baya, kwa mfano, alitumikia Zaire akiitwa hivyo hivyo. Jina lililotoka Uarabuni lilikuwa limekwisha kuonekana kama jina la mababu.

Mahali pengine halikuwa na bahati hiyo. Kule Bulgaria, Ramazan ni jina la raia wenye asili ya Kituruki. Kuanzia mwisho wa 1984 serikali ya kikomunisti iliwalazimisha mamia ya maelfu ya hao raia kuchukua majina ya Kibulgaria. Askari walizunguka vijiji, na waliokataa walifungwa, wengine waliuawa. Mpaka 1990 ndipo sheria ikawaruhusu kurudisha majina yao.

Turudi kwetu. Je, Ramazani ni jina la ukoo? Kwa namna ya Wazungu, hapana. Mara nyingi kwetu jina haliteremki kutoka baba kwenda kwa watoto wote; linaruka. Babu ni Ramazani, mtoto wake ni Salumu, mjukuu anarudia Ramazani kwa sababu ni ndoyi wa babu. Hii ndiyo sababu kubwa ya jina kuenea: halihitaji tena mtoto azaliwe ndani ya mwezi wenyewe, linahitaji babu aliyependwa. Siku hizi, mjini, wazazi wengi wanaweka jina la baba kwa watoto wote, hata wasichana, ili shule na benki zisiulize maswali.

Na maswali yapo. Mtoto ni Ramazani kwenye karatasi ya kuzaliwa, Ramadhani kwenye diploma, Ramazan kwenye karte ya kupigia kura. Kwa mama yake ni mtu mmoja. Kwa ofisi ya pasipoti, ao mbele ya wandugu wanaogombea kiwanja cha marehemu, ni watu watatu. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikuruhusu kubadili jina wala maandishi yake kwa kupenda tu: unapaswa kupitia tribinali ya amani ya mahali unapoishi, na kuonyesha sababu ya haki. Sheria hiyo hiyo inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo. Karani akikuambia Ramazani ni ya kigeni, mwambie liko huku tangu kabla ya nchi kuitwa Kongo.

Kuzaliwa kunatangazwa kwa eta sivili ya komini ndani ya siku 90. Kabla ya kwenda, andika jina kwenye karatasi, herufi kwa herufi, sawa na karte ya baba ao ya babu ambaye mtoto ni ndoyi wake. Usimtamkie karani tu. Na usitoke ofisini kabla ya kusoma alichoandika.