Kidonda Sugu, Bakteria Wasio Sugu

Mtu mwenye kisukari aliyekaa miezi minne na kidonda cha unyayo huambiwa kliniki kwamba kidonda chake ni sugu. Jioni anasikia redioni onyo kuhusu usugu wa dawa. Anaunganisha mambo: wadudu wangu wameshazoea dawa, basi nitafute kali zaidi. Hakusikia vibaya, lugha yenyewe ndiyo iliyompeleka huko. Tumelibebesha neno moja mizigo miwili, na katika vidonda visivyopona mizigo hiyo huelekea njia tofauti.

Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokomaa: kwenye kiganja cha mshika jembe, kisiginoni, kwenye paji la uso la mwenye kusujudu sana. Kutoka hapo tukapata mdaiwa sugu, mhalifu sugu, kikohozi sugu. Kote maana ni ile ile ya jambo lililokaa mpaka likagoma kuondoka, na kwa maana hiyo kidonda sugu ni jina sahihi kabisa. Usugu wa bakteria ni habari nyingine. Huo ni badiliko lililoandikwa katika jeni, linalorithiwa na kizazi baada ya kizazi, na humfuata bakteria hata ukimweka peke yake katika kisahani cha maabara.

Maabarani ndipo maana hizi mbili zinapogongana. Nesi anachukua sampuli ya kidonda, bakteria wanaoteshwa, wanawekewa dawa, wanakufa. Jibu linarudi: dawa hii inafaa. Mgonjwa anaimeza mpaka mwisho na kidonda hakitikisiki. Hakuna aliyesema uongo. Maabara imewapima bakteria walipokuwa wametawanyika, kila mmoja uchi mbele ya dawa. Kidondani wamejikusanya na kujifunika ute mzito wa sukari, protini na DNA ya wenzao waliokufa. Ute huo huchelewesha baadhi ya dawa. Zaidi ya hapo, wale wa katikati hukosa oksijeni na chakula, wakapunguza kukua, na wengine husimama kabisa. Dawa za jamii ya penisilini huwaua bakteria wanapojenga kuta za seli zao; asiyejenga hupita salama. Litawanye kundi hilo, na dawa ile ile itawaua wengi wao. Hali hii haistahili kuitwa usugu. Mimi natetea neno ustahimilivu, kwa sababu mstahimilivu anavumilia kwa muda na katika mazingira fulani, bila kubadilika asili yake.

Na kundi lenyewe tuliiteje? Aliyekutana nalo mapema ni Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, ambaye mwaka 1683 aliandika barua kuhusu viumbe hai alivyoviona katika ukoga wa meno. Aliona pia kwamba siki iliwaua wale wa nje tu, haikupenya hadi ndani. Ustahimilivu ulionekana hivyo, karne mbili na zaidi kabla ya kuwepo kwa dawa za antibiotiki. Jina la kisayansi linalotumika leo, biofilm, lilienea baada ya mwaka 1978, hasa kwa kazi za Mkanada J. William Costerton, na kwa Kiswahili wengi hulitafsiri utando.

Utando una kasoro. Unaleta picha ya kitu chembamba kilichotandazwa juu, kama kilicho juu ya maziwa yaliyopoa. Kidondani bakteria hawa huwa mabongebonge yasiyofika hata milimita moja, mengine yamejichimbia ndani ya nyama, na jicho tupu haliyaoni. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, hadubini iliyaonyesha katika vidonda 30 kati ya 50 vilivyokuwa sugu, lakini katika kimoja tu kati ya 16 vya muda mfupi. Ukimwambia nesi aondoe utando, atafuta ule ute wa njano anaouona, na kwa haki kabisa atadhani amemaliza.

Ndiyo maana nalipenda neno ukoga. Kila mtu anajua kwamba ukoga hauishi kwa kusukutua, unataka kusuguliwa, na hurudi. Kikwazo chake ni aibu: mgonjwa asisikie kwamba anaitwa mchafu. Hilo lazima lisemwe waziwazi, maana ukoga wa kidonda humpata hata anayeosha kidonda chake kila siku.

Kuhusu maambukizi ya bakteria wa aina nyingi, vitabu husema maambukizi mchanganyiko. Mimi nasema mseto, nikiwaza ile serikali ya mseto ambamo mahasimu hukaa chini ya paa moja. Stafilokokasi aliyepewa jina la dhahabu kwa rangi yake hukutwa mara nyingi karibu na uso wa kidonda. Sudomonasi, mwenye kutia usaha rangi ya kijani, hukaa ndani zaidi. Sudomonasi hutoa kemikali inayombana mwenzake asipumue vizuri. Lakini Stafilokokasi aliyebanwa hivyo hukua polepole, na kwa kukua polepole huponea baadhi ya dawa ambazo zingemmaliza. Uadui wao unageuka kinga. Mchanganyiko haulisemi hilo, kwani vitu vilivyochanganywa si lazima vigusane.

Wazee walikuwa na donda ndugu, jina la kidonda kibaya kinachoenea na kukataa kupona. Silitaki lirudi kwenye fomu za hospitali, kwani linatisha, lakini mimi nasikia ndani yake ujamaa ambao hadubini imeukuta.

Kwa hiyo ningependa nesi aweze kusema: “Baba, kidonda ni sugu, lakini wadudu wenyewe si sugu. Wamejikusanya wakafanya ukoga. Tutaukwangua kwanza, ndipo dawa ifuate.” Na aongeze tarehe ya kurudi, kwa sababu bakteria waliotawanywa hujikusanya tena ndani ya siku mbili tatu, na dawa ina nafasi nzuri zaidi kabla hawajamaliza kujifunika.