Mwenye Mahadhi

Msomaji, ukipita Kibera au Kawangware asubuhi ya Jumatatu, shule zinapopandisha bendera, utausikia wimbo wa taifa ukitoka katika viwanja vingi. Je, wamjua mwenye mahadhi yale?

Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, serikali iliwateua wanamuziki watano waandae wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wangeweza kuiga nyimbo kuu za Ulaya, hawakufanya hivyo. Walichukua mahadhi ya wimbo ambao mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana, humbembelezea mtoto wake apate kulala. Aliyewapa mahadhi hayo ni Mzee Meza Moroa Galana. Tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ikawa huru, na wimbo wa kitandani ukawa wimbo wa nchi nzima.

Basi lizingatie jambo hili. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huzishindanisha shule hata leo, na miongoni mwa nyimbo ziimbwazo humo zimo zilizotungwa upya. Mwanafunzi wa Kibera ana majirani Wanubi, Waluo, Waluhya na Wakamba. Na wa Kawangware naye hali kadhalika amezungukwa na watu wa makabila mengi. Hazina i mlangoni pake. Lakini achotaye kisimani na amtaje aliyekichimba. Wengi huuimba wimbo wa taifa. Wachache mno wamjua mzee yule. Nawe ukitunga kwa mahadhi ya nyanya yako, liandike jina lake kabla ya lako.