Saruji: jina moja, kuta za aina mbili

Mtaa wa Ghala, katika wilaya ya Bausher mjini Muscat, una jina ambalo masikioni mwa Mswahili ni bohari. Na kwa kweli bohari na karakana hazikosekani huko. Yamo pia majengo ya matofali ya saruji, ambayo msimu wa joto huweza kuota ukungu mweusi nyuma ya makabati, hata katika vyumba vinavyopozwa usiku na mchana.

Neno saruji lenyewe lina safari ndefu. Waomani wa kale walikuwa na sarooj yao: udongo uliochomwa, ukapondwa kuwa unga na kukorogwa, kisha ukapakwa katika ngome na mifereji ya falaji kwa kuwa ulistahimili maji. Jina hilo limo katika Kiswahili, lakini leo linataja bidhaa nyingine: saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824.

Nyumba kongwe za Unguja hazikuijua saruji hiyo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zenye kunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likiwaka.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos, aliyetwaa madaraka Julai 1970, aliwaita Waomani walioko ng'ambo warejee. Waliotoka Afrika Mashariki waliikuta Muscat ikianza kujengwa upya kwa zege, na viyoyozi vikafuata.

Hapo ndipo unyevu ulipobadili njia. Hewa ya nyuzi joto 35 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 28. Chumba cha Muscat mara nyingi hupozwa hadi nyuzi 20 au 22. Hewa ya nje ikipenya katika ufa au chini ya mlango, hugeuka umande ukutani, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Zanzibar nako saruji ilileta balaa lake. Ikipakwa juu ya chokaa, hufungia maji na chumvi ndani ya ukuta. Lipu hubanduka, boriti huoza. Majengo hayo ni dhaifu kuliko yanavyoonekana: Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilibomoka kwa sehemu mwaka 2012, kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati uliogharimiwa na Oman, sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili.

Mji Mkongwe una chokaa ya kurejea. Zege la Ghala halina, hivyo dawa yake ni ndogondogo: kuziba mianya, kupandisha kipimo cha kiyoyozi hadi nyuzi 25, na kuacha upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta.