Picha za Rusumo na maelezo yaliyobaki nyuma

Juma hili nina picha moja mkononi. Ni ya rangi, imefifia pembeni, na inaonyesha barabara ya lami wilayani Ngara ikiwa imejaa watu ukingo hadi ukingo. Akina mama wamebeba mikeka na watoto, wanaume wanasukuma baiskeli zilizoelemewa na mizigo. Nyuma yake mtu aliandika kwa wino: "Wakimbizi, 94". Basi, hakuna zaidi. Je, ni kweli ilikuwa 94?

Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka. Aprili 28 na 29, 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka Daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo chake pale. Wapigapicha wa dunia nzima walifuata, akiwemo Mbrazili Sebastião Salgado. Kabla yao walikuwa wamekuja Warundi, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993.

Lakini iko safari ya pili. Desemba 5, 1996, Serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya Desemba 31. Siku chache baadaye kambi za Ngara zilihama, ila watu hawakwenda Rusumo. Walielekea mashariki, upande wa Lusahunga na Biharamulo, hadi askari wakawageuza kuelekea mpakani. Kwa hiyo barabara ile ile iliona umati ule ule, na mikeka ile ile, ukitembea kuipa Rwanda mgongo mara mbili, katika miaka miwili tofauti. Picha hujibu ulichoiuliza tu, na hata kutazama watu wameelekea wapi hakutoshi. Aliyekimbia vita na aliyekimbia kurudishwa wanafanana sura barabarani. Kinachowatenganisha ni maneno ya mpigapicha.

Sasa nieleze maneno hayo yanavyopotea siku hizi, maana si kwa mchwa tena. Picha ile ni moja ya 63 ambazo ofisi moja niliyowahi kufanya kazi iliziingiza kwenye kompyuta mwaka 2009 kwa skana. Skana iliandika ndani ya kila faili tarehe ya siku ile ya kazi, na programu ya kupangia picha ikazipanga zote chini ya 2009, kana kwamba Benaco ilikuwa juzi. Kijana mmoja mwenye subira alikaa wiki tatu akisahihisha: tarehe, kijiji, jina la mpigapicha. Kompyuta ilipokufa tulishukuru kwamba picha zilikuwa kwenye diski nyingine. Tulipozifungua, picha zilikuwapo zote 63. Maelezo hayakuwapo hata moja.

Sababu yake wengi hatuijui. Programu nyingi za aina hii zina daftari lao wenyewe. Ukiandika maelezo, yanaingia kwenye daftari, na faili la picha linabaki kama lilivyokuwa. Lightroom, kwa mfano, haiandiki mabadiliko kwenye faili mpaka uiamuru. Picasa iliweka maelezo ya picha ndani ya faili, ila albamu zilibaki kwenye daftari lake. Google ilipoiacha mwaka 2016, waliozitegemea walihangaika. Ni sawa na karani anayeandika jina la mtoto kwenye leja, kisha mtoto akaondoka bila kadi.

Nafasi ya kuandika ndani ya picha ipo tangu zamani. Baraza la kimataifa la mawasiliano ya vyombo vya habari, IPTC, lililoundwa 1965, liliweka utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani wakati ule ule wa Benaco. Mwaka 2001 kampuni ya Adobe ikaleta XMP, ambao kwa picha ghafi huwekwa kwenye faili dogo la pembeni; ukihamisha picha ukalisahau lile dogo, umerudi ulikotoka. Na ukiituma picha kwa WhatsApp, maelezo hunyofolewa njiani.

Msinielewe kwamba kila kitu kiandikwe ndani. Kambini walikuwamo waliofanya mauaji na walioyanusurika, na mahakama ya Rwanda ilikuwa ikianza kazi Arusha. Jina la mtu likisafiri pamoja na uso wake lingeweza kumpeleka pabaya, na mimi sioni sababu ya kulibandika hata leo. Majina ya mahali nayo yana kero yake. Mkoa wa Ziwa Magharibi uliitwa Kagera mwaka 1979. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na 2012 ikaingia Mkoa wa Geita. Picha ya mwaloni Chato ya 1994 ikisahihishwa kuwa "Geita" na la zamani likafutwa, mtafiti wa Biharamulo hataiona kamwe. Jipya liongezwe, la kale libaki.

Mwezi uliopita nilimpelekea picha yangu dereva mstaafu wa malori ya chakula, mzee wa Kasulo. Hakutazama watu. Alitazama kilima kilichokuwa nyuma yao, akasema hakina mti hata mmoja. Aprili 94 kilikuwa na miti, kuni zilikuwa hazijakatwa. Kisha akaonyesha turubai la bluu na makopo ya mafuta ya msaada juu ya baiskeli. Waliovuka kwanza, alisema, hawakuwa na hivyo.

Nikaandika: "Kasulo, Ngara, Desemba 1996, wakielekea mashariki, nyuma ya picha imeandikwa Wakimbizi, 94." Nikaiamuru programu iandike kwenye faili lenyewe, nikalihamishia kompyuta ya jirani, tukalifungua. Maneno yalikuwapo. Zimebaki 62, na mzee ana miaka 81.